Sura ya Saba: Ndege Wote Wanatazama Kulia

Jengo lilikuwa na ghorofa nne na lifti haikuwahi kuwekwa. Shimo lake lilikuwepo, linapanda sambamba na ngazi kutoka chini mpaka juu, limezibwa kwa mbao kila sakafu, na misumari ya mbao hizo ilikuwa imeshaota kutu. Sajini alipanda akihesabu vidato kwa mazoea ya kazi. Sitini na vinane. Alipofika juu alikuwa anahema kama aliyefukuzwa, akajilaumu kwa kuacha mazoezi ya asubuhi, kisha akajisamehe papo hapo kwa sababu hakuwa na muda wa kugombana na mtu mwingine tena.

Kituoni wenzake walimwita Kupe akiwa hayupo, na siku hizi hata akiwepo. Aking'ang'ania jambo, habanduki. Hili la leo alikuwa amening'inia nalo kwa miezi miwili, na lilikuwa na umri wa miaka sita.

Miaka sita iliyopita, asubuhi moja yenye ukungu, Mzee wa Pampu, mhudumu wa zamu kwenye bwawa la maji la mji, aliokotwa amekufa ndani ya tangi, kisogo kimepasuka. Wiki nzima kabla ya hapo alikuwa amekataa kusaini taarifa kwamba matangi yamesafishwa, kwa sababu hayakuwa yamesafishwa. Nyumba ya pampu ilikuwa na milango miwili inayotazama bwawa. Wa kushoto ulikuwa wa mafundi, na ufunguo wake wiki ile alikuwa nao Fundi Bomba peke yake, mwenzake yuko likizo. Wa kulia ulikuwa wa ofisi, na ufunguo wake alikuwa nao Meneja wa maji, ambaye alisema saa hizo alikuwa nyumbani anakunywa chai. Hakukuwa na shahidi yeyote. Kulikuwa na korongo.

Korongo huyo alisimama juu ya ukuta wa bwawa saa kumi na mbili na dakika arobaini, akapigwa picha na mwalimu mstaafu wa jiografia ambaye ugonjwa wake ulikuwa ndege. Nyuma ya korongo, ndani ya ukungu, ulionekana mgongo wa mwanamume akitoka mlango wa kushoto. Uso haukuonekana, mavazi hayakutambulika. Mlango ulitosha. Picha ikawa kielelezo namba nne, na Fundi Bomba akapewa miaka thelathini.

Aliyeibandua picha ile kwenye ukuta wa Mwalimu na kuipeleka mahakamani imekunjwa ndani ya gazeti alikuwa konstebo mgeni wa miezi minne kazini. Konstebo huyo ndiye Sajini huyu. Hakuuliza picha ilikuwa imepita wapi kabla ya kufika ukutani. Hakuna aliyemwambia aulize, na jambo hilo halikuwahi kumfariji.

Sasa mke wa Fundi alikuwa amepata kibali cha rufaa, na wakili wake alitaka kitu kimoja tu: picha halisi, kama ilivyotoka kwenye kamera, iletwe na aliyeipiga, aape mbele ya karani. Ushahidi mpya ulikuwa unapokelewa mpaka leo Ijumaa saa tisa alasiri. Ikipita saa tisa, Fundi anarudi kumalizia miaka yake ishirini na minne. Saa ya Sajini ilisema saa sita na nusu.

Alibisha hodi. Ndani komeo likalia, klak, ingawa hakusikia nyayo za mtu.

"Sukuma! Nimeshavuta."

Komeo lilikuwa limefungwa kamba ndefu iliyopita juu ya misumari mitatu ukutani mpaka kwenye kiti kilichokuwa mbele ya meza. Kitini alikaa mzee mwembamba, miwani puani, blanketi magotini, mkono mmoja bado umeshika kamba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Alimkagua kuanzia viatu. "Wewe si yule konstebo aliyenichukulia korongo wangu? Uliniambia utamrudisha baada ya wiki mbili."

"Bado yuko kwenye jalada, Mwalimu."

"Basi naye amefungwa," mzee akasema, akacheka, kisha akaacha kucheka mapema mno. Sajini aliliweka hilo akilini.

Chumba kilikuwa kimoja chenye dirisha moja lenye nondo. Kuta zote zilikuwa ndege. Tai, hondohondo, mdiria mwenye samaki mdomoni, bundi aliyekerwa na mwanga, mbayuwayu kumi na mmoja juu ya waya mmoja. Mezani kulikuwa na kompyuta, na kwenye skrini mwewe yule yule alikuwa amejitokeza mara mbili, upande mmoja mweusi kama mkaa, upande mwingine unaweza kuhesabu manyoya yake.

"Unafanya nini siku hizi?" Sajini aliuliza, akivuta kigoda.

"Nafufua wafu." Mwalimu aligeuza kiti chake kidogo kwa kusukuma meza. "Tangu nyonga ivunjike sijapiga ndege mpya hata mmoja. Naona njiwa wawili hapo dirishani, nao wananidharau. Basi nawarudia wa zamani. Miaka kumi na tisa, picha elfu thelathini na moja. Zamani kivuli kilikuwa kivuli, huna la kufanya. Sasa kuna programu, navuta hapa, unaona? Mwanga unaingia. Huyu mwewe niliwahi kumtupa. Kumbe alikuwa na panya mguuni! Miaka kumi na minne mimi nilikuwa sijui kama amebeba panya."

"Unawachagua au unakwenda kwa mpangilio?"

"Mpangilio, binti. Mwaka kwa mwaka kurudi nyuma, mwezi kwa mwezi. Mimi ni mwalimu, siruki somo."

Sajini alisimama akazunguka kuta taratibu, mikono nyuma. Alizunguka mara moja, akarudia tena. Mara ya pili alicheka peke yake.

"Mwalimu, ndege wako wana jambo gani upande ule?"

"Upande gani?"

"Kulia. Wote wanatazama kulia. Tai, bundi, hata hawa mbayuwayu kumi na mmoja hamna hata mbishi mmoja."

Mzee alifurahi kama mtu aliyesubiri miaka swali hilo liulizwe. "Hiyo ni kalenda! Picha zote hizi zilitoka kwenye kalenda ya ofisi ya maji, nimewatengenezea miaka minane. Picha inakaa kushoto, tarehe zinakaa kulia. Ndege akizipa tarehe kisogo, kalenda nzima inaonekana imenuna. Kwa hiyo akinitazamia kushoto, namgeuza. Kitufe kimoja tu. Ndege hana dini, ukimgeuza hajali."

Sajini aliendelea kutazama tai. Aliuliza bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa.

"Na korongo naye ulimgeuza?"

Kiti kililia kidogo.

"Aa, yule alitazama kulia mwenyewe. Wapo ndege wenye adabu."

"Mahakamani ulisema hukuongeza wala kupunguza kitu."

"Na sikuongeza. Na sikupunguza."

Sajini alitoa bahasha mkobani, akatoa nakala ya kielelezo namba nne, akaipeleka dirishani. Korongo katikati, kifua mbele, anatazama kulia. Nyuma yake nyumba ya pampu: mlango huku, mlango huku, dirisha katikati. Aliyeijenga alikuwa amekunja ramani katikati kama shati, nusu hii sawa na ile. Alitafuta vivuli, maana jua la asubuhi halidanganyi, lakini ukungu ulikuwa umekula vivuli vyote. Alitafuta maandishi. Chini ya ukuta, pale ambapo pangekuwa na kibao cha kupimia maji, palikuwa na giza tupu. Picha haikutoa jibu lolote.

Lakini ndege alikuwa na kitu mguuni. Alikuwa amekitazama kitu hicho kwa miezi miwili akidhani ni jani.

"Hii ni nini hapa mguuni?"

"Pete. Watafiti huwavalisha ili wawajue wakiwaona tena."

"Na wewe ulikuwa unaandika kila ndege unayempiga, sivyo? Nakumbuka madaftari."

Madaftari yalikuwa kwenye rafu, migongo imeandikwa mwaka kwa wino mwekundu. Sajini alilitoa la mwaka ule, akafunua mwezi wa sita. Mwandiko ulikuwa wa mwalimu hasa, unasomeka hata na mtu mwenye haraka. *Korongo wa Pete, ukuta wa bwawa. Ukungu mzito. Pete ile ile, mguu wa kushoto. Amesimama dakika tisa.* Alirudi nyuma mwezi wa tatu. *Korongo wa Pete. Mguu wa kushoto.* Mwezi wa kwanza, mguu wa kushoto.

Aliweka daftari mezani, akaweka picha juu yake, akaweka kidole chake kwenye pete. Ilikuwa mguu wa kulia.

"Ama korongo alivua pete akahamisha," akasema, "ama alikuwa anatazama kushoto, ukamgeuza. Na ukimgeuza korongo, unageuza na nyumba."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta na pembe ya blanketi, akaivaa tena. Alichukua muda wake katika yote matatu.

"Kama ni hivyo, hatutajua kamwe," akasema. "Diski ya mwaka ule ilikufa. Fungua droo, iko hapo. Haizunguki."

Diski ilikuwepo kweli, na kweli ilikuwa imekufa. Sajini aliitikisa karibu na sikio, ikatoa kelele ya mchanga. Kwa dakika nzima aliamini. Alifikiria mke wa Fundi kwenye benchi la kituo, mahali alipokuwa akikaa kila Ijumaa kwa miaka sita, na akaanza kupanga maneno ya kumwambia. Halafu Kupe ndani yake akakataa kubanduka.

"Nionyeshe ulizokwisha kufufua."

"Za nini?"

"Nifurahi tu na mimi."

Mzee hakusogeza mkono. Sajini aliinama juu ya bega lake, akashika kipanya mwenyewe. Folda zilipangwa safi kama darasa siku ya ukaguzi. Alifungua mwaka ule. Mwezi wa kwanza, umehaririwa upya mwaka huu. Wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Kisha wa saba, wa nane, mpaka wa kumi na mbili.

"Diski iliyokufa," Sajini akasema, "imefia mwezi mmoja tu?"

Mwalimu alivuta blanketi juu ya magoti.

"Uliniambia huruki somo, Mwalimu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yako hata kona haikufika."

Njiwa mmoja alitua dirishani akawachungulia. Mwalimu alimtazama njiwa huyo badala ya kumtazama Sajini, na alipoanza kusema, sauti ilikuwa imeshuka.

"Sikujua. Naapa kwa mke wangu aliye kaburini, mahakamani sikujua. Nilikuwa nimewageuza ndege mia, nani anakumbuka mmoja? Nimejua mwezi wa nne mwaka huu. Nilivuta mwanga kwenye picha ya kalenda, nione miguu. Kile kibao cha kupimia maji kikatokea gizani, na namba zake zimegeuka kama ndani ya kioo. Nikatafuta ile mbichi, kama ilivyotoka kwenye kamera, kwenye kadi yake. Namba zikasomeka sawasawa."

"Na mtu anatoka mlango gani?"

"Wa kulia. Wa ofisi."

Alikuwa Meneja, basi. Sajini alihisi furaha na aibu kwa pamoja, akavikalia vyote viwili.

"Miezi mitano umekaa nayo?"

"Unajua Meneja ni nani wangu?"

Alijua. Ilikuwa kwenye jalada, mstari mmoja ambao hakuna aliyeupigia mstari. "Ni shemeji yako. Kaka wa marehemu mke wako."

"Marehemu alipokuwa anakata roho alimshika mkono akamwambia, usimwache mume wangu huku juu kama ndege kwenye tundu. Kila Jumanne na Ijumaa anakuja kunibeba. Mgongoni. Ananipeleka kliniki, ananizungusha bwawani, ananirudisha. Miaka mitatu hajakosa hata siku moja, hata alipokuwa na homa. Ukimtoa huyo, binti, nimefungwa mimi. Kwa nondo hizo hapo."

"Nitaleta vijana wawili wa kituo, watakubeba."

"Walinibeba vijana wawili kabla hajaanza yeye. Kona ya ghorofa ya pili wakanipindisha, nikalala hospitali wiki tano. Ngazi hii haitaki wawili. Inataka mmoja anayeijua."

"Fundi ana watoto watatu," Sajini akasema. "Wa mwisho hajawahi kumwona nje ya ukuta. Kuna mtu amefungwa tayari, Mwalimu."

"Najua! Unadhani sijui? Kila usiku nalala naye chumba kimoja!" Mzee alipiga meza, mwewe kwenye skrini akatikisika. Kisha akajikunyata. "Picha iko wapi utaniuliza. Sina. Andika hivyo. Sina."

Sajini aliangalia saa. Saa saba na dakika ishirini. Hati ya upekuzi ilihitaji hakimu, hakimu wa zamu alikuwa kwenye chakula cha mchana, na kadi ya kamera ni ndogo kuliko ukucha wa dole gumba. Ndani ya chumba chenye madaftari kumi na tisa na fremu mia angeweza kuitafuta mpaka Jumapili. Alikuwa na ukweli wote mkononi, na haukuwa na thamani ya stempu moja ya karani.

Mlango ukabishwa mara tatu, ukafuatiwa na mluzi mfupi. Mwalimu alivuta kamba kabla Sajini hajafungua mdomo.

"Shemeji! Uko tayari au bado unafufua wafu?"

Aliyeingia alikuwa mwanamume mpana wa miaka kama sitini, shati limepigwa pasi, na mkononi shuka nene la buluu lililokunjwa mara nne. Alijaza mlango. Alimwona Sajini, akasita.

"Tuna mgeni?"

Sajini hakuwa na sare. Miaka sita ni mingi, na mahakamani alikuwa msichana aliyekaa benchi la nyuma. Alimwangalia Mwalimu. Neno moja la mzee lingetosha, kwa upande wowote.

"Binti wa watu, amekuja kutazama ndege."

"Kumbe bado wapo wanaotazama!" Meneja alimpa mkono, mkono wa joto, wa mtu mwema. Hilo lilimkera Sajini kuliko kitu chochote siku ile. "Tukimbie, Shemeji, daktari anasubiri saa nane."

"Nipe kwanza kifuko changu cha miwani. Kipo droo ya pili, chini ya soksi."

Meneja alifungua droo, akapekua, akakitoa kifuko cheusi cha plastiki, akakiingiza yeye mwenyewe kwenye mfuko wa shati la Mwalimu na kukigongagonga kwa kiganja ili kikae. Sajini alitazama. Miwani ya Mwalimu ilikuwa puani kwake. Kifuko cha miwani kilikuwa kinakwenda kliniki kufanya nini?

Alifunga mkoba wake, akasema na yeye anashuka.

Meneja alichuchumaa. Mwalimu akamkumbatia shingo, shuka likazungushwa, likapita chini ya mapaja, likafungwa fundo kifuani. "Mbeleko ya mzee," Meneja alimwambia Sajini akiinuka, "mtoto halii, ila anahesabu." Na kweli, walipofika ngazini Mwalimu alianza. Aliyebeba hakuweza kuona miguu yake, na taa za ngazi zilikuwa zimekufa tangu awali. Kwa hiyo aliyebebwa alikuwa macho.

"Moja. Mbili. Tatu."

Sajini aliwafuata vidato viwili nyuma. Ngazi ilikuwa nyembamba, bega la kulia la Meneja linasugua ukuta, kiwiko cha kushoto kinapita karibu na mbao za shimo la lifti. Hakuna mtu ambaye angeweza kumpita mwenzake. Kumi na saba, ghorofa ya tatu. Harufu ya rangi mbichi, redio ya mtu inatangaza mpira. Ishirini na tisa. Thelathini. Thelathini na moja.

Halafu Mwalimu akanyamaza.

Meneja alisimama papo hapo, mguu mmoja hewani, kisha akaurudisha. "Mbona huhesabu?"

"Shemeji. Asubuhi ile ya ukungu. Ulitokea mlango gani?"

Redio ilishangilia goli. Meneja hakugeuka. Asingeweza kugeuka, na mtu mgongoni na ukuta mabegani. Sajini alishuka vidato viwili kimyakimya akalishika shuka kwa mikono miwili, nyuma ya kiuno cha mzee, akalikaza. Mbao za shimo zilikuwa pale, misumari yake inaonekana. Ghorofa mbili na ushee kwenda chini. Aliogopa, akaogopa kweli, na akajua kwamba Meneja akiamua kuegemea upande ule, mikono yake haitawazuia wanaume wawili.

"Si ulishasema mwenyewe mahakamani," Meneja akajibu mwishowe. "Kushoto."

"Nilikosea. Korongo nilimgeuza."

"Ulimgeuza?"

"Kwa ajili ya kalenda."

Meneja alivuta pumzi, mgongo ukapanda na Mwalimu akapanda nao. "Kalenda yangu," akasema taratibu. "Mimi ndiye niliyekuambia watazame tarehe." Alimpandisha Mwalimu kidogo mgongoni. "Unajua siku ile walipoileta picha mbele ya jaji, mtu yuko mlango wa kushoto, mimi nilidhani ni Mungu? Nilijua nilikotoka. Nikasema, Mungu ameona kwamba sikukusudia. Nilimsukuma tu, Shemeji. Mzee mbishi yule. Nilimsukuma mara moja."

"Na Fundi?"

Meneja aliinamisha kichwa, akasikiliza nyuma yake.

"Huyu binti ni polisi," akasema badala yake. "Nasikia anavyolishika shuka."

"Ni polisi," Sajini akasema. Sauti yake ilimtoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Nimesikia yote, Meneja. Usifanye la pili."

"Na picha iko wapi?"

"Mfukoni mwangu," Mwalimu alisema sikioni mwa shemeji yake. "Umeniwekea mwenyewe."

Kifuko kilikuwa katikati yao, kati ya kifua cha mmoja na mgongo wa mwingine. Lazima Meneja alikuwa anakihisi mgongoni. Jasho lilikuwa linachirizika shingoni mwa Meneja na mikono ya mzee iliyomkumbatia ilikuwa imelowa.

"Hesabu," Meneja akasema.

"Shemeji..."

"Hesabu, bwana. Sioni miguu."

"Thelathini na mbili," Mwalimu akasema, na sauti ilikuwa inalia. "Thelathini na tatu. Thelathini na nne, hapa pana ufa."

Kona ya ghorofa ya pili Meneja aliinama na kujipinda kwa namna ambayo kijana wa kituo asingeijua hata kwa kufundishwa, goti la kushoto kwanza, kisha bega, na nyonga ya mzee haikugusa ukuta. Sajini aliendelea kushika shuka mpaka sitini na nane.

Nje jua lilikuwa kali. Dereva wa Sajini, konstebo aliyekuwa anasinzia kwenye usukani, aliruka akafungua mlango. Meneja aligeuka kinyumenyume, akamshusha Mwalimu kwenye kiti cha mbele, akamwingiza mguu wa kulia, akaunyanyua wa kushoto kwa mikono miwili kama kitu cha kukopwa, akauweka. Alifungua fundo. Alilikunja shuka mara nne, ncha kwa ncha, akaliweka magotini mwa shemeji yake. Baada ya hapo ndipo alipomnyooshea Sajini mikono, na Sajini akamfunga pingu. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano. Masjala ya mahakama ilikuwa umbali wa dakika ishirini.

Mwalimu alifungua kifuko cha miwani. Kadi ilikuwa imefungwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari, juu yake pameandikwa mwezi wa sita. Alimpa Sajini bila kumtazama.

Meneja alikuwa bado amesimama kando ya mlango wa gari, konstebo amemshika kiwiko. Aliinama mpaka uso wake ukafika dirishani.

"Sasa jioni nani atakupandisha?"

Hakuwa anamsuta. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Mwalimu alimwangalia Sajini, na Sajini akaangalia saa. Kisha mzee akainua macho, akahesabu madirisha moja moja kwenda juu, mpaka la nne, lile lenye nondo na njiwa wawili.